Shauri la Mkulima: Mswaki wa Nchi Kavu

Jirani yangu hapa Kaloleni hununua kijiti cha mswaki kila juma, wala hakupata kuuliza kitokako. Chatoka katika kichaka chenye jina hilo hilo, kiotacho nchi kavu kama Turkana na Garissa. Hustahimili ukame na udongo wa chumvi. Majani yake hubaki mabichi nyasi zikiisha, na ngamia huyala. Waturkana hukiita esekon, na matunda yake huyala.

Wenye mashamba makavu, twaeni matunda yaliyoiva, mwoshe nyama yake yote, kwa maana huzuia mbegu kuota, kisha mpande. Zungusheni boma la miiba, kwani kichaka hukua polepole na mbuzi hawana subira.

Kwa meno, tafuneni ncha hata ifumuke kama brashi. Kesho yake ikateni, mtafune mpya. Mwaka 1987 Shirika la Afya la Dunia lilihimiza utumiwe na waliouzoea. Lakini mking'oa mizizi yote mmekiua kichaka, na siku ya ukame mifugo italia. Kateni matawi machache, mizizi iacheni. Akiba haiozi.