Dawa imo katika maji ya mkonge

Dawa za asili za Usambara zikitajwa, macho huelekea msituni, kwenye mizizi. Lakini mti ukishang'olewa mzizi umekwisha, na mara nyingi kemikali inayotafutwa humo ni kidogo mno. Meksiko ilijifunza hivyo: kuanzia miaka ya 1940 viwanda vya homoni vilitegemea kemikali ya diosijenini kutoka viazi vikuu vya mwituni, vikachimbwa hadi vikaadimika. Sisi tunayo malighafi ya jamii hiyo hiyo isiyohitaji kuchimbwa. Ipo bondeni, Mazinde na kwingineko Korogwe kwenye mashamba ya mkonge.

Singa hazifiki hata asilimia 10 ya uzito wa jani. Kinachobaki kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, ni makapi na maji makali, na maji hayo yakiachiwa mtoni huua samaki. Humo ndimo ilimo hekojenini, malighafi niliyoitaja. Molekuli yake ina oksijeni kwenye kaboni ya 12, na wanakemia waliweza kuihamishia kaboni ya 11, pale pale kotisoni na dawa za jamii yake zinapoihitaji. Kwa njia hiyo kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza dawa za uvimbe kutokana na mkonge. Hatua za mwanzo si za ajabu: maji huachwa yachachuke ili sukari zilizoshikana na kemikali hiyo zikatike, tope lililotuama huchemshwa kwa asidi, huoshwa na kukaushwa. Kisha kiyeyushi huitoa hekojenini, nayo husafishwa kwa kugandishwa fuwele.

Atakayepinga atasema soko limehamia kwenye soya, ambayo steroli zake hugeuzwa na vijidudu kwa bei nafuu. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, steroli hizo nazo ni mabaki ya usafishaji wa mafuta. Soya imeshinda kwa kutumia kilichokuwa kinatupwa, na sisi bado tunatupa. Wengine wataogopa asidi na viyeyushi karibu na vijiji, na wana haki. Kwa hiyo shamba liishie kwenye kuchachusha na kutuamisha, usafishaji ufanyike kwenye maabara yenye kibali, na masalia yazalishe gesi, kama ilivyokwisha kufanyika kwenye shamba la mkonge la Hale. Kazi ya kwanza ni ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano: kupima hekojenini katika mkonge wa kawaida na katika chotara 11648, shamba kwa shamba, kabla mwekezaji yeyote hajaahidiwa chochote.