Kimya cha Mtoto Si Upungufu wa Akili

Huku kwetu Pwani mtoto huinamisha macho mbele ya ustadhi, nasi twaita adabu. Kule Kericho na Bomet, mtoto akinyamaza mbele ya mpimaji mgeni aweza kuandikiwa alama za chini na kuitwa mzito.

Miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super walikaa Kokwet, kwa Wakipsigis. Watoto wengi walishindwa kumsimulia mpimaji hadithi, ilhali nyumbani walilea wadogo zao na kuchunga ng'ombe. Wakipsigis wenyewe hutofautisha mwerevu, "ng'om", wa shule na wa nyumbani.

Sisemi vipimo vitupwe. Lakini mzazi, kabla mwanao hajahamishwa darasa, uliza: alipimwa kwa lugha gani? Na wewe uliulizwa afanyayo nyumbani?