Nyarugusu ipi? Namba, misaada na sisi watu wa Kanda ya Ziwa

Leo naomba tuache siasa za Dodoma kidogo.

Juzi nilikuwa kafe moja hapa Kahama, dogo aliyekaa mashine ya jirani akawa anachungulia skrini yangu (tabia mbaya, ila nani hana?). Mwisho uvumilivu ukamshinda: "Bro, kila nikikuona uko na Excel tu, kwani kazi yako nini?" Nikamwambia nilikuwa mchambuzi wa taarifa kwenye shirika moja la misaada. Akacheka. "Yaani wazungu walikuwa wanakulipa uhesabu wenye njaa?"

Nilimjibu kiutani tu, lakini swali lile halikuniacha. Ngoja nilijibu hapa vizuri.

Nianze na Nyarugusu. Mtu wa Geita ukimtajia Nyarugusu anawaza dhahabu: maduara, makarasha, vumbi, mama ntilie. Ndipo pale Januari 2017 wachimbaji 15, akiwemo Mchina mmoja, walifukiwa kwenye mgodi wa RZ Union na wote wakatolewa wazima. Sasa mtajie jina hilohilo mtu wa Geneva. Yeye anawaza kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea na Warundi. Jina moja, herufi zilezile. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa ramani iliyotengenezwa ng'ambo, wakimbizi wamewekwa katikati ya machimbo ya Geita! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu alibonyeza jina la kwanza lililojitokeza, basi. Lakini kwenye misaada ramani ndiyo bajeti. Kosa kama lile lisipoonwa, lori la dawa linapangiwa safari isiyo yake.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watu wanadhani ni kompyuta, kumbe kompyuta ni ya jioni. Asubuhi unampigia mtendaji wa kijiji, unambembeleza nesi wa zahanati akusomee daftari lake, unamuuliza dereva wa basi kama daraja bado lipo. Jioni ndio unajaza jedwali: nani anafanya nini, wapi. Linatoka karatasi la ukurasa mmoja, bosi analisoma dakika tano kabla ya kikao, na kwenye kikao hicho fedha zinaenda kata hii au kata ile. Usipokuwepo mtu anayejua mahali penyewe, namba inadanganya huku ni ya kweli kabisa.

Mnabisha? Chukueni sensa. Mwaka 2002 mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu 2,805,580. Mwaka 2012 ukawa na 1,534,808. Mpe mgeni namba hizo mbili bila maelezo, ataandika kwamba zaidi ya watu milioni moja wamekimbia ukame, au wamekufa. Mimi na wewe tunajua hakuna aliyekimbia. Machi 2012 mkoa ulikatwa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita, mkoa mpya uliochukua pia eneo la Mwanza na Chato ya Kagera. Watu wamelala palepale, mstari ndio umehama.

Ipo na namba nyingine imenichosha miaka mingi: asilimia 59. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulisema asilimia 59 ya wanawake wa Shinyanga wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 37. Namba ya kutisha, na ya kweli kwa wakati wake. Ila ni ya Shinyanga ile ya zamani, yenye Bariadi na Bukombe ndani yake. Miaka kibao baada ya mkoa kukatwa nilikuwa bado naikuta kwenye maandiko ya kuombea fedha za Kahama, kama vile imepimwa jana. Ukiuliza unaambiwa "mfadhili anaipenda hiyo". Haya bwana.

Na rashi je? Hapa ndipo wataalamu wengi wanaponiacha hoi. Dhahabu inaonekana porini Jumatatu, mwezi haujaisha kuna mji wa maturubai, baa tatu na watu maelfu. Kwenye makadirio ya serikali kijiji kile bado kina kaya chache tu. Basi zahanati ya jirani inaleta taarifa kwamba imechanja watoto asilimia 130, na mtu aliyekaa ofisini anaifuta, anasema nesi kakosea hesabu. Nesi hajakosea! Waliokosekana ni watu, hawamo kwenye kitabu. Ukifuta ile 130 umefuta mji mzima, na mwezi unaofuata chanjo zinaletwa za kijiji, siyo za mji.

Shimoni ni vilevile. Maduara mengi niliyopita hakuna daftari la nani kaingia na nani katoka. Wote tunakumbuka Nyangalata mwaka 2015, watu 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Agosti 2025 wakafukiwa wengine 25 kule Nyandolwa, Shinyanga. Siku kama hizo swali la kwanza ni dogo tu: wako wangapi?

Sasa nije kwenye tarehe moja, 20 Januari 2025. Siku chache kabla, Januari 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuna wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na Marburg Biharamulo, jirani kabisa na Chato. Wizara yetu ikasema sampuli hazikuonyesha kitu. Januari 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Siku hiyohiyo, Washington, Trump anaapishwa na kusaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na nyingine ya kuitoa Marekani kwenye shirika hilohilo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13: watu 10, wawili wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, wote walikufa.

Baada ya hapo mambo yakawa mfululizo. Mfumo wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, ambao Wamarekani waliuanzisha 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimwa mwishoni mwa Januari, ukarudi miezi kadhaa baadaye. Februari mpango wa zile tafiti za afya, uliotupa ile 59, ukasitishwa. Julai Mosi USAID ikafungwa rasmi. Imeili yangu ya kuachishwa ilikuja katikati ya hayo yote, mistari minne. Sijamlilia mtu.

Kinachoniuma ni kingine. Majedwali yale yote, simu za watendaji, majina ya vitongoji tuliyosahihisha moja moja, yalikaa kwenye seva ya ng'ambo. Nywila ilipokufa na yenyewe yakafa. Halmashauri haikuwa na nakala, kwa sababu hatukuwahi kuipa. Hapo lawama ni yetu sisi wachambuzi, na mimi nimo. Halafu na serikali nayo mwaka 2018 ilibadili sheria ya takwimu, kutoa namba inayopingana na ya kwake ikawa kosa la jinai. Mwaka 2019 ikalegeza, ila woga ulibaki. Mtendaji anakuambia kwa mdomo, kuandika hataki.

Dogo wa kafe alisikiliza yote haya, akaniuliza kama kwenye orodha yangu rashi aliko kaka yake ipo. Tukatafuta. Haipo. Nikaongeza mstari, akanitajia umbali wa kwenda zahanati na wanakochota maji.

Orodha ninayoijenga sasa ni ya kwangu, na nakala nitaipeleka wilayani. Mlioko Nyarugusu (ya Geita!), Lwamgasa, Nyangalata na kwingine, nitajieni hapo chini jina mnaloliita wenyewe, kata, na zahanati ya karibu. Majina ya watu msiweke.

Tupo pamoja.