Mawese Hupanda, Maji Huzama

Huko Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge kandokando ya Ziwa Tanganyika, michikichi hulimwa sana. Mwenye kutengeneza mawese kwa njia ya zamani huchemsha chikichi, huzitwanga, kisha huzitia tena katika maji ya moto. Mafuta mekundu hupanda juu, naye huyaengua kwa kata. Kinachoyatenganisha ni uzito tu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, hali lita moja ya mawese haizidi sana gramu 900. Na kwa kuwa maji na mafuta havichanganyiki, kilicho chepesi hukaa juu.

Kanuni hiyo hiyo impayo mama mafuta yake yaweza pia kumuunguzia jiko. Maji huchemka karibu na nyuzi 100, lakini mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 yakiwa bado yametulia. Tone la maji litokalo kwa dagaa wabichi huzama ndani ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha nje. Lita moja tu ya maji hutoa mvuke zaidi ya lita 1,600! Basi mtu akimwaga kikombe cha maji juu ya mafuta yanayowaka, hauzimi moto. Maji huzama, hulipuka kuwa mvuke, na kuyatawanya mafuta yenye moto hadi darini na juu ya watoto waliosimama karibu.

Kwa hiyo, yafaa dagaa na mikeke wakaushwe vizuri kabla ya kukaangwa, na mfuniko wa bati unaoenea sufuria uwe karibu daima. Mafuta yakishika moto, mfuniko usukumwe juu ya sufuria kutoka upande mmoja, ili moto ukose hewa. Kuni au makaa yaondolewe iwapo hakuna hatari. Sufuria isiinuliwe, wala isifunuliwe mpaka ipoe kabisa. Moto ukizidi nguvu, watu wote watoke nje mara moja.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe mawese wala dawa ya meno, bali apelekwe kituo cha afya bila kukawia.