NENO LA MPANGAJI SI BIDHAA YA DALALI

Mtumishi wa umma aliyepata kuhamishiwa Geita, Kahama au Shinyanga anaijua safari ya kutafuta chumba. Hushuka kwenye basi na begi lake, huelekezwa kwa dalali, hulipa fedha ya kuonyeshwa, kisha hupakiwa kwenye pikipiki na kuzungushwa mitaani. Chumba cha kwanza kina nyufa. Cha pili hakina maji. Cha tatu kina mita moja ya umeme inayotumiwa na kaya tano, na kila mwezi wapangaji hugombana juu ya nani aliyepiga pasi. Katika kila mlango mtumishi huyo hutoa kauli yake: hiki kinavuja, hiki ni ghali, hiki choo chake hakifai. Dalali hutikisa kichwa, husema "sawa, mwalimu", na safari huendelea.

Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo haliulizwi, ni hili: kauli ile huenda wapi?

Mara nyingi haifiki kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba huambiwa tu kwamba mteja "atarudi", au kwamba "hali ni ngumu". Hivyo chumba kinachovuja huendelea kuvuja, na kile kilichozidi bei hubaki na bei yake. Kesho mtumishi mwingine hupelekwa kwenye mlango ule ule, akalipa fedha ile ile, akasema maneno yale yale, nayo yakapotea vile vile. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangeishi hadi leo wangeona kwamba kibaya sasa hutembezwa kwa malipo.

Hesabu ya dalali

Yafaa jambo hili lisichukuliwe kuwa ni tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Ni matokeo ya namna malipo yalivyopangwa. Kwa desturi iliyoenea nchini, dalali hupata mapato ya aina mbili: ada ya kuonyesha, ambayo hulipwa hata kama chumba kimekataliwa, na ada ya kufanikisha, ambayo aghalabu ni sawa na kodi ya mwezi mmoja.

Na ifanywe hesabu ya darasa la nne. Tuseme chumba ni cha shilingi 60,000 kwa mwezi na ada ya kuonyesha ni shilingi 10,000. Kikipata mpangaji siku ya kwanza, dalali atapata shilingi 70,000 na kazi itakuwa imekwisha. Lakini kikikataliwa na watu kumi, atakuwa amekwisha kupata shilingi 100,000, na chumba bado kipo, tayari kumngojea mtu wa kumi na moja. Katika mpango wa namna hiyo chumba kibovu kina faida kuliko chumba kizuri. Ni nani basi atakayetarajia kwamba dalali atakwenda mbio kumwambia mwenye nyumba azibe paa?

Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Anayelipwa kwa kukataliwa hawezi kuwa mjumbe mwaminifu wa sababu za kukataliwa.

Siri ya mtafutaji

Ubaya haukomei hapo. Kuna habari moja ambayo husafiri kwa kasi, nayo ni habari ya mtafutaji mwenyewe. Dalali asiye na haya, baada ya kuagana na mteja, huwapigia wenzake simu au huwaandikia katika makundi yao: huyu ni mwalimu mpya, anaripoti kazini Jumatatu, analala nyumba ya wageni, mkononi ana kodi ya miezi sita. Mtafutaji akifika kwa dalali wa pili hushangaa kukuta bei imekwisha kupanda mpaka pale pale fedha zake zinapoishia. Kasoro za nyumba hufichwa na shida za mtu hutangazwa. Huo si utumishi. Ni ulanguzi wa maneno, nao hauna tofauti na ule wa kuficha sukari dukani ili bei ipande.

Katika nchi nyingine kazi hii ina taratibu zake. Huko Marekani, baada ya nyumba kuonyeshwa, wakala wa muuzaji humwuliza wakala wa mnunuzi: mteja ameonaje bei, ameonaje hali ya nyumba, ana nia ya kurudi? Majibu hukusanywa na kupelekwa kwa mwenye mali, naye, watu wengi wakirudia neno moja, hupunguza bei au huita fundi. Wakati huo huo wakala wa mnunuzi hafungwi na adabu tu bali na wajibu wa kisheria wa kutotoa siri ya mteja wake, hususan kiasi cha juu anachoweza kulipa. Marekani si nchi ya kuigwa katika kila jambo, na ubepari wake una dhambi nyingi. Lakini ni aibu kwamba hata katika soko la mabepari neno la mtazamaji lina heshima kuliko lilivyo katika mitaa ya Kalangalala au Ngokolo.

Wapo watakaosema kwamba hili ni soko huria na kila mtu yuko huru kukataa. Watu hao hawalijui soko wanalolitetea. Soko ambamo mwenye nyumba hajui kwa nini chumba chake hakipati mtu, na mtafutaji hajui kwamba watu tisa walikikataa kabla yake, si huria. Ni soko la gizani, na mwenye tochi ni mmoja.

Wananchi wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kufundishwa somo hili. Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo alipotoka kwenye duara lake aliuza kwa broka aliyekuja na mizani yake na bei yake. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, na la Geita lilikuwa miongoni mwa ya kwanza, ili mzani uwe wa wazi na bei ijulikane. Ikiwa gramu ya dhahabu imestahili mzani wa wazi, kwa nini chumba anacholala mwalimu wa watoto wa mchimbaji huyo kisistahili?

Taifa hili limewahi kulishughulikia suala la pango kwa uzito wake. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za pango iliweka mabaraza ambako neno la mpangaji liliandikwa na kusikilizwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wathamini wa mali walitungiwa sheria yao mwaka 2016. Jirani zetu wa Kenya wana sheria ya kuwasajili mawakala wa majumba tangu miaka ya 1980. Lakini dalali wa chumba katika miji yetu hufanya kazi kwa simu na maneno matupu.

Wenye nyumba ni akina nani?

Hapa hapana budi ukweli usemwe, hata kama utawachoma wasomaji. Wenye nyumba hizo si mabwanyenye wa kutoka mbali. Wengi ni watumishi na walimu walewale, waliojenga vyumba vitatu au vinne kwa mikopo ya mishahara. Mwalimu aliyepangisha vyumba Nyankumbu humlaani dalali anapohamishiwa Shinyanga, lakini dalali huyo huyo ndiye aliyemwachia funguo zake, na hajapata kumwuliza hata mara moja waliokikataa chumba walisema nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye nyumba asiyetaka kusikia kasoro za nyumba yake hulipa kwa chumba kitupu, na humlipisha mwenzake kwa safari za bure.

Katika miji ya madini hasara hiyo ni kubwa zaidi. Panapozuka rashi mpya ya dhahabu, wageni huja kwa wingi na kodi hupanda. Mshahara wa mwalimu haupandi pamoja nayo. Migodi nayo hufungwa. Uzalishaji wa dhahabu wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 na ukakoma mwaka 2021. Aliyejenga kwa kutazamia wafanyakazi wa mgodi ndiye anayehitaji kuliko wote kuambiwa ukweli kwamba bei yake haina mtu. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele tangu mwaka 2009. Kama nyumba inakataliwa kwa sababu haina bomba, mwenyewe na aambiwe, aunganishe. Kukaa kimya kunamfaidia nani?

Daftari

Dawa si kuwafukuza madalali. Wengi ni vijana wasio na ajira nyingine, nao hutembea juani kutafuta riziki. Dawa ni kuwawekea utaratibu, tena usiohitaji fedha ya kigeni wala mtaalamu kutoka nje.

Kwanza, ada ya kuonyesha ilipwe mara moja tu kwa stakabadhi, na ikatwe katika ada ya kufanikisha, ili dalali apate faida kwa kumaliza kazi na si kwa kuirefusha. Pili, kila chumba kinachoonyeshwa kiandikwe katika daftari: tarehe, bei iliyotajwa, na sababu ya kukataliwa kwa maneno ya mtazamaji mwenyewe. Mwenye nyumba apewe nakala. Tatu, jina la mtafutaji, kazi yake na uwezo wake visiandikwe wala kupitishwa kwa yeyote. Kinachopaswa kusafiri ni sifa ya nyumba, si shida ya mtu. Nne, ofisi ya serikali ya mtaa iwatambue madalali wake kwa orodha, na anayetoa siri za wateja aondolewe humo.

Halmashauri nazo zisijitoe. Ofisi inayompokea mwalimu mpya inaweza kabisa kuweka orodha ya vyumba ambavyo watumishi waliotangulia walivikagua na kauli zao juu yake. Mgeni angefika akiwa na macho, badala ya kufika akiwa na mkoba tu.

Mwalimu aliyezungushwa siku tatu, akamaliza posho yake ya kujikimu, na hatimaye akakubali chumba kinachovuja kwa sababu fedha zimekwisha, huingia darasani na uchovu huo na huanza kuandika barua ya uhamisho kabla ya muhula kwisha. Wanaolipa gharama ya mwisho ni watoto wa Rwamgasa na Kakola. Kwa hiyo mtumishi anayemkabidhi dalali funguo leo na aanze na swali moja: waliokuja kuiona nyumba hii walisema nini? Asiyeweza kujibu asipewe funguo.