Chablis si rangi ya waini

Wasee, Chablis ni mji mdogo Ufaransa, kaskazini mwa Burgundy. Tangu 1938 sheria yao inasema waini ya jina hilo itoke hapo tu, na zabibu ziwe Chardonnay pekee. Mwezi wa nne baridi ikizidi, wakulima huwasha mioto shambani usiku kucha ili machipukizi yasigande.

Halafu makampuni ya California yakauza waini ya bei rahisi miaka mingi, chupa imeandikwa "Chablis". Kwangu huo ni wizi.

Sasa angalia chai ya Kericho. Inapita mnada wa Mombasa, inachanganywa huko nje, jina linapotea. Video yangu ikiibwa mimi huwaka. Huyu mkulima nani anawaka naye?