Harusi Mtaani: Listi ya Michango Inafukuza Maboyz

Kabla M-Pesa ianze 2007, harusi ya Umoja ama Buruburu ulikuwa unabeba zawadi kwa mkono: glasi, thamosi, blanketi, ama sufuria za jua kali ya Kamukunji. Ikishafungwa kwa karatasi, nani atajua bei? Siku hizi unaongezwa kwa grupu ya WhatsApp bila kuulizwa, na kila jioni listi inapandishwa: jina, kiasi, tiki. Soo mbili yako iko hapo chini ya ngiri kumi ya mtu, wote wakisoma. Msee wa mjengo akiona hivyo anatoka grupu, na harusi haji, na mliishi ploti moja miaka yote. Maharusi, pesa pokeeni, listi mjiwekee. Na mwenye amechanga msimnyime kadi ati viti ni chache.